Tepu Nyeusi Juu ya Kiti cha Mama

Mimi si mtu wa kusahau. Nyumbani Ujiji wanasema nimemrithi bibi mzaa baba, aliyekataa kula pilau ya harusi ya jirani kwa ajili ya kuku aliyeibwa kabla sijazaliwa. Sibishi. Na kazi yangu nayo hainisaidii kusahau. Mimi ni fundi umeme wa ndege, na fundi umeme asiyekumbuka waya gani unatoka wapi na nani aliugusa mwisho, aende akauze samaki wa migebuka.

Ninayetaka kusimulia habari zake hapa alikuwa bosi wangu katika karakana ya Dar es Salaam. Mtanashati, mcheshi, mwenye kicheko cha kusikika hadi kwa wapika chai. Alianza kwa kufunga umeme wa majumbani, na hilo si dhambi. Wengi tulianzia huko. Dhambi yake ni kwamba hakuwahi kutoka huko. Waya ukikatika, alisokota ncha mbili kwa vidole, akavingirisha tepu nyeusi, akasema, "Twende kazi." Mwisho wa tepu aliukunja kidogo, ukabaki kama sikio, ili siku ya kuibandua asihangaike na kucha.

Nyumbani huo ni ujanja mzuri. Lakini nyumba haitetemeki. Ndege ya panga boi hutetemeka tangu inapowashwa hadi inapozimwa, na waya uliosokotwa kwa vidole hulegea. Ukilegea hupata joto, ukipata joto hutafuta cha kuunguza. Ndiyo maana waya wa ndege huungwa kwa kichuma kidogo kinachobanwa kwa koleo lake maalumu, kisha huvalishwa mpira unaonywea ukipashwa moto. Ni kazi ya muda mfupi tu. Yeye hata huo muda mfupi aliuona mrefu.

Karakana yetu ina desturi. Aliyefungua dari ya ndege, akisafiri nayo safari ya kwanza, hukaa chini ya pale alipofungua. Waliianzisha mafundi wa zamani ili mkono wa mtu usiwe mwepesi, na sijui fundi aliyewahi kuikwepa isipokuwa huyo mmoja.

Mama alikuwa amekuja Dar kunitazama nilipojifungua. Siku ya kurudi Kigoma, likizo yangu ya uzazi imekwisha na nimerudi kazini, nilimpeleka mwenyewe hadi kwenye kiti chake, upande wa kushoto, nikamfunga mkanda, nikajisifu kidogo. Jana yake mimi na bosi tulikuwa tumefanya kazi kwenye taa za dari za ndege hiyo hiyo. Mimi nilishika upande wa kulia, yeye wa kushoto. Alisafiri na ndege hiyo kama fundi wa safari, na kwa desturi yetu alipaswa kukaa kushoto, chini ya kazi yake. Alikwenda kukaa mbele kabisa, karibu na mlango. Chini ya kazi yake alikaa mama yangu.

Walipoanza kushuka kuelekea ziwani, taa za kushoto zikapepesa, zikazimika, na harufu ya plastiki inayoungua ikajaa. Moshi ukatoka kwenye dari juu ya ushungi wa mama. Hakuna aliyeumia, Alhamdulillahi. Ndege ilitua, watu wakashuka wakisukumana. Katika ukumbi wa uwanja, ambao ni mmoja kwa wanaofika na wanaoondoka, kelele zikapanda, kila mtu akitaka kujua nani wa kulaumiwa. Bosi wangu akapanda juu ya mzani wa mizigo ili aonekane, akasema kwa sauti yake ile: "Jamani, tulieni! Taa hizi alizifunga binti mmoja, mwenyeji wenu wa hapa hapa Ujiji. Nikirudi nitamshughulikia."

Ujiji nzima ina binti mmoja anayetengeneza ndege. Mama alikuwa amesimama hapo hapo na kikapu chake, na watu wakageuka wakamtazama.

Kufika jioni habari ilikuwa imeshapita mitaa ya Gungu na Buzebazeba. Kufika Ijumaa mama alikuwa na jina jipya sokoni: Mama Moshi. "Mama Moshi, nipimie dagaa, ila usiwaunguze." Walicheka. Watu wa kwetu hawakuchukii wanapokutania, lakini pia hawakusamehe.

Dar nako, nilipofungua mdomo, waya ulioungua ulikuwa umeshatupwa na bosi alikuwa ameshaapa. Nikanyang'anywa koleo, nikapewa ndoo na sabuni, nikawa nafua vitambaa vya viti. Nilifua kwa hasira hadi vikapauka. Nilirudishiwa kazi yangu baada ya muda mrefu, nikaomba kituo cha Kigoma ili niwe karibu na mama. Bosi alipandishwa cheo. Nilisikia kicheko chake kwenye simu siku aliposaini uhamisho wangu.

"Ulizifunga, hukuzifunga?" mama aliniuliza mara moja tu.

"Sikuzifunga, mama."

"Nakuamini. Lakini neno lililosemwa barazani halifutiwi jikoni."

Hiyo ndiyo sheria ya mama, na ndiyo sheria ya wazee wengi wa Ujiji. Aliyekuchafua mbele za watu hakusafishi kwa kuja uani usiku na kilo ya sukari. Arudi pale pale, mbele za watu, aseme kwa mdomo ule ule.

Haya yote pengine ningeyabeba nikazeeka nayo, kama si macho ya mama. Alianza kugonga milango, akawa anamimina chai nje ya kikombe. Daktari wa hapa akasema ni presha ya macho, aende Dar haraka, kila siku anayochelewa haitarudi. Treni mgongo wake hauiwezi. Mimi nilikuwa na tiketi ya familia ya mfanyakazi, ile ya kusubiri kiti kikibaki wazi. Mama akakataa katakata.

"Ndege sipandi. Mji mzima unasema uliiunguza. Nikipatwa na lolote humo, hata mafua tu, watasema umenimaliza. Afadhali nipofuke."

Nililia, nikabembeleza, nikawaleta wajomba kutoka Mwamgongo kwa boti wamsihi. Aliwapikia, akawasikiliza, akawasindikiza. Alikuwa anapofuka kwa ajili ya jina langu, na jina langu lilikuwa limekaliwa na mtu mmoja aliyekuwa anacheka Dar. Kila usiku nilimwombea dua mbaya. Nasema ukweli, sikuacha hata mwezi wa Ramadhani.

Siku za mwizi ni arobaini. Asubuhi moja ndege ikatua, rubani akaniambia taa za kushoto zinapepesa tangu Tabora. Nyuma ya abiria akashuka bosi mwenyewe, na mkoba wa ngozi, amekuja kukagua kituo na kurudi nayo hiyo hiyo.

"Dada, hamjambo? Badilisha taa tu, dari usiifungue, tutachelewa," akaniambia, kisha akaenda kunywa chai kivulini.

Mtu anayekuambia usifungue, fungua. Nikazima umeme wa taa, nikawasha tochi, nikatoa skrubu za paneli na kuingiza mkono nyuma ya bomba la hewa. Vidole vikagusa kitu kinachonata. Nikakivuta kwenye mwanga: tepu nyeusi, mpya, gundi bado mbichi, na mwisho wake umekunjwa sikio. Chini ya tepu waya ulikuwa umeanza kubadilika rangi. Alikuwa ameuunga asubuhi hiyo hiyo kwa mkono wake, kisha akaja kukaa mbele karibu na mlango.

Nilikaa kwenye kiti kilicho chini ya paneli ile, nikacheka peke yangu. Ilikuwa furaha, na sikuionea haya.

Kisha nikafanya kazi. Nilikata kipande chote kilichoungua, nikaweka waya mpya, nikabana kila kiungo kwa koleo, nikavalisha mpira, nikaupasha hadi ukashika. Nikavuta kila waya kuona kama utachomoka, nikapima kwa mita, nikawasha taa na kuitikisa dari kwa ngumi. Hazikupepesa. Rubani nilimwita, nikamwonyesha tepu na nilichofanya, kwa sababu uhai wa abiria ni dhamana yake, na kisasi changu hakikuwa na haki ya kumficha kitu.

"Na mkubwa umemwambia?" akauliza.

"Bado."

Akaitazama tepu, akaitazama saa. "Basi muda wa kupakia mizigo ni wako," akasema.

Nilimpigia dereva bodaboda wa mtaani kwetu amlete mama, na mkoba wake wa hospitali. Mama nikamwambia kwa simu kuna mtu nataka amsikie. Kusikia si kupanda ndege, akaja. Nikamkalisha ukumbini, jirani na mzani ule ule. Tepu nikaiweka mfukoni.

Abiria walikuwa wamejaa, na maboksi yao ya dagaa. Bosi akaingia, anapiga simu, anacheka. Nikamwendea, nikasema kwa sauti ya kusikika:

"Bosi, taa zinawaka. Ila umeshika dari asubuhi, na desturi unaijua. Nimeomba ubadilishiwe kiti, utakaa kushoto, chini ya taa zako."

Kicheko kikakatika. "Umefungua?"

"Si ulisema nisifungue?"

Jasho likamtoka juu ya mdomo. "Dada, tuongee pembeni."

"Tuongee hapa hapa."

"Goti linanisumbua, nahitaji kukaa mbele."

"Goti litavumilia muda huo mfupi wa safari. Mbona mama yangu alikaa hapo na hakulalamika?"

Mwanamke mmoja wa makamo, mwenye boksi la dagaa miguuni, akasimama, akamaka: "Mawe we! Mkubwa wa mafundi anaogopa kile kiti? Basi mimi sipandi." Mwingine akasema naye hapandi. Mtu mmoja akauliza, baba, kiti kina nini, sema tujue. Wakamzunguka. Niliona macho yake yakitafuta mlango, na kwenye mlango nilikuwa nimesimama mimi.

"Si kiti," akasema hatimaye. "Ni waya. Nimeuunga kwa tepu asubuhi, kwa haraka. Nilikusudia kuutengeneza jioni."

"Sema na ile safari nyingine," nikasema. "Iliyotoa moshi. Upande wa kushoto aliufunga nani?"

Akaniangalia kwa namna ambayo bado naikumbuka ninapotaka kulala vizuri. Macho yale yalikuwa yakiniomba niwahurumie watoto wake nyumbani. Nami nilikuwa na mtoto, nilimnyonyesha huku mikono yangu inanuka sabuni ya vitambaa.

"Mimi," akasema.

Nikatoa tepu mfukoni, nikaining'iniza kwa sikio lake mbele ya watu wote. "Tepu yake hii. Nimeitoa, nimetengeneza upya, rubani ameona. Ndege ni nzima." Watu wakapumua, wakaanza kumzomea. Bosi akanigeukia macho mekundu: "Kumbe ulishatengeneza! Umenidhalilisha bure!"

"Mimi nimekupa kiti tu, bosi."

Mama alikuwa ameshasimama. Alikuja akipapasa migongo ya watu, wakampisha, akasimama mbele ya sauti ile.

"Wewe ndiye wa mzani?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hebu panda tena, baba, useme vile ulivyosema sasa hivi. Kuna walioko nje hawajasikia."

Na akapanda. Mwanamume mzima na mkoba wa ngozi, akapanda mzani wa mizigo, akasema taa zile alizifunga yeye na wala si binti wa Ujiji. Mama akaitikia kwa kichwa polepole mpaka alipomaliza. Kisha akaninyooshea mkono: "Lete mkoba wangu. Kiti cha huyu bwana kimebaki wazi."

Kweli kilibaki wazi, maana bosi hakupanda. Alisema goti, lakini abiria walikuwa wamemwambia wazi kwamba hawatapanda naye. Nikampeleka mama hadi kile kiti cha kushoto, nikamfunga mkanda kama zamani. Aliinua uso kwenye taa. "Inawaka?" akaniuliza. Nikasema inawaka. Ndege ilipoondoka nilimwona bosi barabarani anapatana na bodaboda wa kumpeleka stesheni, kusubiri treni. Nilisimama juani nikamtazama hadi akaisha machoni. Roho yangu ilikuwa nyeupe.

Ujiji wakaacha lile jina kabla mama hajarudi. Mwosha huoshwa, walisema, wakajifanya walijua siku zote. Bosi alivuliwa cheo, kisha akaachishwa kazi. Nami nilidhani nimemaliza.

Lakini Dar daktari alikuwa amemwambia mama kwamba jicho la kulia limewahiwa. La kushoto lilikuwa limeshakufa, na kama angefika mapema kidogo lingepona. Alinieleza mwenyewe kwa simu, kwa utulivu, kama mtu anayeeleza bei ya mchele.

Bosi ananiandikia. Anasema hana kazi, hapati usingizi, anaomba nimfikishie mama ombi lake la msamaha. Mara ya kwanza nilimsomea mama ujumbe wake. Alikuwa anachambua dagaa, amegeuza kichwa upande wa jicho linaloona. Hakufikiri hata kidogo.

"Alishasema mbele za watu, yamekwisha. Mwambie nimemsamehe, alale."

Hiyo ni sheria yake, na mimi sina hoja ya kuipinga. Kila Ijumaa baada ya kuswali huniuliza kama nimemwambia.

Nami kila Ijumaa humjibu kwamba mtandao unasumbua.