Jina Nililoliandika kwenye Fomu ya Mzee Ngonyani

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja wilayani Tunduru, sikushika sindano wala bandeji. Matroni, yaani mkuu wa wauguzi, alinikabidhi rundo la fomu za kulazwa na kalamu moja ya bluu. Nilikuwa nimetoka chuoni juzi tu, gauni jeupe limepigwa pasi mpaka linakwaruza, nikajiona nimedharauliwa. Fomu ilitaka jina, umri, kijiji na dini, na chini kabisa palikuwa na mstari wa "ndugu wa karibu". Huyo ndiye wa kuitwa mgonjwa akizidiwa, na ndiye wa kutia saini kama upasuaji utahitajika na mgonjwa hajitambui.

"Huo usimsumbue nao mgonjwa," Matroni alinifundisha. "Tazama mwanamume mkubwa wa ukoo wake, andika jina lake. Kama hayupo, uliza kaka au baba mdogo anaishi wapi."

Nikashika somo. Nilikuwa mwepesi wa kushika masomo, hasa yale yanayorahisisha kazi. Miaka yote ya Tunduru niliujaza mstari ule bila kuinua macho, na hakuna aliyelalamika. Au walilalamika nami sikusikia; leo siwezi kuapa.

Nilihamishiwa Songea mjini miaka ile ya ruksa, maduka yalipoanza kujaa mitumba na redio za kila aina. Hospitalini nako ndugu wa mgonjwa wakaanza kutumwa kununua glovu na chupa za dripu kwenye maduka ya dawa ya watu binafsi. Mimi nilikuwa Muuguzi Mfawidhi wa wodi ya upasuaji ya wanaume, maana yake msimamizi: funguo za kabati, zamu za wenzangu na mafaili yote yalikuwa chini yangu. Juu yangu alikuwepo Daktari wa Upasuaji, mtu wa maneno machache, aliyesoma faili mpaka mstari wa mwisho.

Ndipo akalazwa Mzee Ngonyani, fundi seremala wa Bombambili. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, na kidonda cha unyayoni kilikuwa kimeanza kuwa cheusi. Mkewe alikwisha kufariki na hawakujaliwa mtoto. Aliyemleta, akimsukuma juu ya baiskeli, alikuwa jirani yake Mwalimu Kalinga, Mhehe aliyehamia kikazi kutoka Iringa. Wangoni na Wahehe ni watani tangu vita vya mababu, na hawa wawili walikuwa hawajui kuongea bila kutaniana. Mwalimu alikuja kila jioni na chupa ya uji.

"Kamwene, marehemu!" alisalimia akiwa mlangoni. "Bado hujafa? Randa yako nimeshaiahidi kwa watu."

Mzee alimjibu kwamba mababu wa Kihehe walikimbizwa na Wangoni mpaka wakasahau njia ya kwao. Wodi nzima ilicheka, na mimi nilicheka kuliko wote.

Siku ya tatu Daktari alisema mguu huenda ukakatwa. Nikaenda kitandani na fomu, maana mstari wa ndugu wa karibu ulikuwa bado mtupu.

"Andika huyu Mhehe," Mzee akasema.

"Mzee, nataka ndugu, sio mtani."

"Ni huyu huyu, Sista Otilia. Kaka yangu wa Mshangano hatakubali nikatwe. Yeye husema mtu azikwe na viungo vyake vyote. Mimi nataka kuishi, hata kwa mguu mmoja. Nikipoteza fahamu, huyu aamue."

Mwalimu akadakia: "Nitawaambia wakate mpaka kiunoni! Mguu naenda nao Iringa, nikaufanye mchi."

Wodi ikaangua kicheko. Mzee hakucheka. Niliona kwamba hacheki, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Lakini mkono ulishazoea. Nikaandika jina la kaka yake, nikaenda kitanda cha pili.

Siku mbili baadaye Mzee alipoteza fahamu, na weusi ukawa umepita kifundo cha mguu. Daktari akataka kukata saa ile ile. Mwalimu alifika mbio kutoka darasani, mikono ina chaki.

"Nisaini wapi?"

Daktari akafungua faili. "Jina lako halimo, Mwalimu."

"Mgonjwa alimtaja, Daktari," nikasema.

"Alimtaja wapi? Mbona hapa kuna jina la kaka yake?"

"Alisema kwa mdomo. Nilidhani... walikuwa wanataniana."

Kaka akaitwa. Sitamsema vibaya. Alikuwa mkulima mzee, machozi yanamtoka waziwazi. "Baba yetu alizikwa mzima," alisema. "Nikimkuta huko, nitamwambia mguu wa mwanawe niliuacha wapi?" Mwalimu alimsihi, Daktari akamweleza mara mbili, akakataa. Akakaa ameshika mkono wa mdogo wake mpaka alipokata roho, kesho yake mchana.

Daktari aliniita ofisini. "Ungeandika maneno yake kwenye karatasi, akaweka dole gumba, nanyi wauguzi wawili mkasaini kuwa mashahidi, ningekuwa na sauti ya mgonjwa mkononi. Mistari mitatu tu, Sista." Hakunipa barua ya onyo. Natamani angenipa.

Kwenye mazishi, mtani ana kazi yake: kumkejeli marehemu mpaka wafiwa wacheke. Pale Mshangano wote walimtazama Mwalimu Kalinga. Alisimama kando ya kaburi, randa ya Mzee kwapani, asitoe neno. Tulipotawanyika alinisogelea.

"Yeye hakutania, Sista. Mimi ndiye niliyetania. Niliogopa."

Nilipaswa kumwambia kwamba kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Sikumwambia. Mwaka uliofuata akahamishwa, hatukuonana tena.

Tangu hapo, mpaka nilipostaafu, kila mgonjwa wa wodi yangu aliulizwa mwenyewe, angali na akili zake: nani akuamulie? Na jibu liliandikwa, likasainiwa mbele ya mashahidi. Wenzangu waliniona msumbufu. Sawa.

Juzijuzi nililazwa mimi, presha. Walionileta ni mwanangu wa kwanza na jirani yangu Mama Rehema, Myao wa Tunduru, ambaye tangu tutoke nyumbani tulikuwa tukigombana kuhusu kuku wake wanaofukua mchicha wangu. Muuguzi, binti mdogo, alikuwa ameshaanza kuandika jina la mwanangu. Mwanangu ni mtoto mwema, lakini hawezi kuniona nikiumia; angeamua kwa machozi.

"Futa," nikasema. "Andika Mama Rehema."

Binti akamtazama Mama Rehema, akanitazama mimi, akacheka.

"Usicheke, mwanangu," nikamwambia. "Andika."