Teksi au Jeneza

Ukiona vyaelea, vimeundwa, na muundaji wa Vince Tarrant nilikuwa mimi. Kila asubuhi Russell Entwistle aliingia kwenye chumba changu cha vipodozi, pale studio nje kidogo ya Leeds, macho yamevimba kwa usingizi na udongo wa bustani umejaa kwenye kucha. Nikimaliza naye, aliyetoka alikuwa Vince, fundi magari mtanashati wa tamthilia ya Daraja, ambaye nusu ya wanawake wa nchi hii walimtamani na nusu iliyobaki walitamani kumzaba makofi.

Vince alikuwa ameoa mara nne, mke wa mwisho akiwa Denise, na ndoa zote nne alizivunja kwa wake za watu. Russell mwenyewe hakuoa. Alikuwa mtu wa haya. Alilima liki, mboga ya jamii ya vitunguu, nyuma ya nyumba, akazipeleka kwenye mashindano ya kijijini, na hata siku moja hakushinda. Wasichana wa ofisini walipomsalimia alikuwa akiitikia huku anatazama viatu vyake. Kamera ikiwaka tu, mabega yanashuka, jicho moja linasinzia kidogo, na mimi mwenyewe, mwanamke mwenye wajukuu, nilikuwa nikisahau brashi mkononi.

Watu wa kwetu wana akili timamu. Wanajua tamthilia ni tamthilia, mpaka wakukute sokoni. Siku moja, pale soko la Rochdale, mama mmoja wa makamo alimwendea Russell na kumchapa begani kwa mfuko wa karoti.

"Mshenzi mkubwa! Denise kakukosea nini?"

"Samahani, mama. Mimi naitwa Russell tu."

"Usinifanye mjinga! Na Denise ulimdanganya hivi hivi."

Nilicheka mpaka nikashika meza ya muuza samaki. Russell hakucheka. Alimwomba yule mama msamaha kwa niaba ya Vince, tena kwa dhati, na tulipoondoka akaniambia, "Ana haki, Lorna. Denise hakustahili yale." Ndivyo alivyokuwa.

Mama yake, Bi Beryl, alikuwa kwenye nyumba ya wazee na kumbukumbu zilikuwa zinamtoka. Jina la Russell lilitoka mapema. Lakini televisheni ya ukumbini haikuzimwa, na kila jioni Bi Beryl alimwona mwanawe pale, basi mwanawe akawa Vince. Russell akienda kumtembelea Jumapili, mama alimngoja na karipio.

"Vince, mwanangu, mke wa mwenye baa si wako. Muache."

"Nitamuacha, mama."

"Ulisema hivyo hivyo kwa yule muuza maua."

Nilimuuliza kama haimuumi. Akasema inamuuma, ila afadhali akumbukwe kwa jina la uongo kuliko asikumbukwe kabisa.

Kisha ikaja habari kwamba Vince anaondolewa. Katika kazi yetu milango ya kutokea ni miwili. Upo wa teksi: mhusika anabeba sanduku lake, anautazama mtaa mara ya mwisho, teksi nyeusi inaondoka naye, na watazamaji wakipungua anaweza kurudishwa mwaka wowote. Na upo wa jeneza. Huko hakuna kurudi. Tuliwahi kumrudisha mmoja, tukasema eti alikuwa Hispania muda wote, na watazamaji hawajatusamehe mpaka leo.

Russell hakuwahi kuomba kitu pale kazini, hata kiti. Safari hii aliomba. Philippa, mkuu wetu, alipita chumbani kwangu wakati nampaka poda, Russell akamgeukia na kitambaa kikiwa bado shingoni.

"Philippa, naomba teksi."

"Russell, mpenzi wangu, hiyo ni sehemu itakayorushwa Krismasi. Krismasi lazima mtu afe."

"Mama yangu anaangalia."

"Mama wa kila mtu anaangalia. Ndiyo maana yake."

"Mama yangu anadhani Vince ni mimi. Vince akifa, mimi ndiye nitakayezikwa."

Philippa si mtu mbaya. Alitafuta neno la kufaa, akaambulia hili: "Siku hiyo waambie wazime televisheni."

"Krismasi? Kwenye nyumba ya wazee?" nikadakia. "Wazee watamchinja atakayeizima badala ya bata mzinga."

Mswada haukubadilika. Vince alikufa mferejini akimwokoa binti wa Denise. Midomo yake niliipaka rangi ya bluu kwa mikono yangu hii, na roho iliniuma kana kwamba namwosha maiti.

Siku ya Krismasi Russell aliniomba nimsindikize. Mpango wake ulikuwa mwepesi: ataketi kando ya mama, atamshika mkono, na Vince akifa kwenye kioo, mama atageuka na kumwona mwanawe yuko hapa, mzima, na chai mkononi. Niliuona mpango mzuri. Sote wawili tulikuwa wajinga.

Ukumbi ulijaa wazee wenye mataji ya karatasi ya Krismasi vichwani. Vince alipozama, hakuna aliyekohoa. Denise alipopiga yowe, nusu ya ukumbi ilikuwa inalia. Bi Beryl hakulia. Alivua taji lake, akalikunja, akaliweka mapajani.

"Mama, niko hapa," Russell akasema.

Bi Beryl alimtazama kwa muda. Kisha, kwa adabu kabisa, akautoa mkono wake mkononi mwa Russell.

"Samahani, kijana. Mwanangu amefariki sasa hivi."

Wazee wakaanza kuja mmoja mmoja kumpa pole. Bwana Arkwright, aliyekuwa dereva wa basi, alisimama mbele yake ameshika taji lake kifuani.

"Beryl, nilikuwa namtukana sana yule bwana kwa ajili ya Denise. Nisamehe. Kafa kiume." Akamgeukia Russell. "Pole na wewe. Alikuwa ndugu yako?"

Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kumshika yule mama mabegani nimtikise. Russell alinizuia kwa jicho.

"Ulimfahamu mwanangu?" Bi Beryl akamuuliza.

"Nilifanya naye kazi, Bi Entwistle."

"Basi humjui. Watu wote mnadhani alikuwa wa wanawake tu." Sauti yake ilikuwa na hasira kidogo. "Alikuwa na haya, huyo! Shuleni walimpa awe kondoo kwenye igizo la kuzaliwa Yesu, akagoma kutoka nyuma ya pazia. Mimi ndiye niliyetoka naye. Nilitambaa jukwaani na koti langu la kanisani, mbele ya mchungaji, nikilia mee. Wote walicheka. Yeye akanishika sikio hivi, asiniachie. Russell wangu."

Jina hilo alilitamka bila taabu yoyote. Miaka yote aliyoketi pale kila Jumapili akiwa hai, Russell hakuwahi kulisikia. Machozi yakamtoka, si yale ya Vince ya tone moja shavuni. Alilia vibaya, pua na yote, bega lake likigonga mkono wa kiti.

Bi Beryl akatoa leso kwenye mkono wa sweta lake, akampa.

"Usilie hivyo, kijana. Mama yako yupo?"

"Yupo."

"Yuko hai?"

"Yuko hai, ndiyo."

"Sasa unafanya nini hapa na sisi wazee? Leo Krismasi. Nenda ukamwone mama yako."

"Nitakwenda," Russell akasema, akakivuta kiti chake karibu naye zaidi.