Binti Yangu Ananiita Nikae Katikati Yao

Leo ni Jumapili, tarehe mbili Juni 2024. Ni miaka thelathini na tisa tangu nitoke Oldeani, wilaya ya Karatu, nimekaa juu ya magunia ya mahindi kwenye lori. Nina umri wa miaka sabini na sita. Naishi Kilombero, mkoani Morogoro. Mnifichie jina, atakayenitambua na anitambue kimya kimya.

Nilikuwa mtunza stoo katika shamba la kahawa. Mke wangu alifariki mapema, akaniachia binti mmoja, nimwite Paskalina. Alikuwa mtoto mwema, ila akili yake haikutulia mahali. Ukimtuma maji, anarudi na habari za kinyonga na ndoo hana. Darasani alitazama mawingu yanavyoteremka kutoka Ngorongoro mpaka kengele ya kutoka inagongwa. Mwalimu wake alimchapa, kisha akamweka peke yake, uso ukutani, ili asione cha kumvuta. Ndipo alipoharibika zaidi: akahesabu nyufa za ukuta.

Mama yangu mzazi alikuwa mchambuzi wa kahawa hapo shambani. Wanawake walikaa bega kwa bega kwenye meza ndefu, wakitenga punje mbovu na nzuri, midomo ikifanya kazi kuliko vidole. Likizo moja alimchukua Paskalina, akamkalisha katikati yake na jirani yake. Nilipopita nilisikia wanamtania.

"We Paska, kahawa haina mabawa, juu unatafuta nini?"

"Natazama buibui, bibi."

"Buibui naye ana kazi yake. Haya, vidole!"

Akacheka, akarudi kwenye punje. Mchana ule sinia lake lilikuwa safi. Nililikagua mwenyewe, nikadhani wamemsaidia. Mama akaniambia, "Hatukumsaidia. Tulikaa tu."

Tangu siku hiyo, kila jioni nilikaa mezani na hesabu zangu za stoo, yeye na daftari lake. Sikumfundisha wala sikumkaripia. Akianza kuelea, niligonga meza kwa kidole, akarudi. Mwalimu alinicheka: "Mzee, huyu ni mwanafunzi au ni ndama, mpaka achungwe?" Nilimjibu kwamba hata ndama akichungwa vizuri anakua. Paskalina akaanza kusoma. Polepole, lakini alisoma.

Kisha shamba likapunguza watu, nami nikawamo. Nilipata kazi huku kwenye miwa. Mama alikataa kuhama na mimi sikuwa na chumba cha kulea mtoto wa miaka kumi. Muda si mrefu macho ya mama yakaanza kufifia, akaacha kwenda kwenye meza ya kahawa, na meza ya nyumbani ikabaki bila mtu wa kuona mtoto anapoelea. Paskalina aliacha shule darasa la tano.

Sasa anauza mboga sokoni Karatu. Ana mtoto wa kiume, kitinda mimba wake, wa miaka tisa. Ni mama yake mtupu. Naye shuleni amekalishwa peke yake, uso ukutani.

Mwezi uliopita Paskalina alinipigia simu analia. Nilimwambia afanye kama tulivyofanya, akae naye tu mezani. Akasema maneno ambayo hayajanitoka: "Baba, nakaa naye. Lakini mimi ndiye ninayeinuka kwanza. Nakumbuka mchicha, naenda kuumwagia maji, njiani naona kitu kingine. Nikirudi maharage yameungua na mtoto hayupo. Njoo, baba. Kaa katikati yetu."

Tukajaribu simu. Aliiweka mezani mbele ya mtoto, nami huku nikasoma gazeti langu taratibu, ili asikie kuna mtu. Ikaenda vizuri kidogo. Mara nikasikia kuku, halafu pikipiki, halafu mtu anauliza bei ya nyanya. Nikaita, "Mjukuu wangu, tuko wapi?"

"Barabarani, babu! Njoo uone lori limekwama!"

Nilicheka mpaka machozi yakatoka, na yalipotoka hayakukoma.

Huku Kilombero nina mke, aliyenipokea nikiwa sina kitu. Kiharusi kimemlaza mwaka wa pili. Mimi ndiye ninayemgeuza kitandani, ninayemlisha uji. Hatukujaliwa mtoto. Hawezi kusafirishwa, na sina wa kumwachia hata kwa wiki moja. Amesikia mazungumzo yetu yote ya simu. Juzi, kwa ulimi wake mzito, alisema, "Nenda." Nikamwambia anywe uji.

Sasa ninyi mlio walimu, ninyi mnaolea watoto wa namna hii, na ninyi mliokuwa watoto wa namna hii, nishaurini. Nani anaweza kukaa na mtoto huyu saa moja tu kwa jioni, asimchape, asimgeuzie ukuta? Jirani ataombwaje kazi ya kukaa tu, bila kuonekana binti yangu ni mvivu? Na yeye, mtu mzima ambaye hajawahi kutulia, nani akae naye?

Jambo moja msijisumbue kunishauri. Karatu naikumbuka kila asubuhi, ukungu wake na vumbi lake jekundu. Sitarudi.