Mzee Eliezeri na Maneno ya Kutafutia

Ilikuwa mwaka 2021. Hapana, si 2021; mwaka huo mkewe Yudith alikuwa bado anakwenda kanisani kwa miguu yake na kurudi akilalamika kwamba wahubiri wa siku hizi hawana sauti. Basi ni 2023, mwanzoni, mvua za vuli zimekwisha, ndipo Mzee Eliezeri Mmbaga wa kijiji cha Mamba, juu milimani, alipopewa kazi ya kuchagua maneno.

Si maneno ya hotuba. Kikundi cha wakulima wa tangawizi, ambacho mwenyekiti wake ni Koleta, kilikuwa kimetengenezewa tovuti na binti mmoja wa Same mjini aitwaye Careen, mwenye ofisi ndogo ya kuchapa na kutoa kopi. Tovuti ilikuwa na picha, ilikuwa na namba za simu, ila hapakuwa na mtu anayeifikia. Careen akasema yanatakiwa maneno: yale ambayo mtu aliye Dodoma au Mwanza, asiyemjua Koleta wala Mamba, angeyaandika kwenye simu yake akitafuta tangawizi. Maneno hayo yakiwekwa vizuri ndani ya kurasa, yatamleta.

Koleta ni mdogo wake marehemu Yudith. Kwa hiyo kwa Eliezeri ni shemeji, na shemeji huyu mdomo wake hauna breki.

"Hiyo kazi ni yako, shemeji," alisema mbele ya kikundi kizima. "Umekaa Posta miaka ishirini na saba unasoma barua za watu."

"Sikusoma barua. Nilisoma bahasha."

"Haya, bahasha. Tangu dada afe hata bahasha huna. Nenda mjini kabla hujaanza kuzungumza na kuku."

Watu wakacheka. Eliezeri naye akacheka, maana habari ya kuku ilikuwa kweli.

Basi Jumatano akashuka. Same upepo haukosi, na siku hiyo ulikuwa umebeba vumbi la stendi nzima ukalimwaga mlangoni kwa Careen.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye mashine ya kuleta watu?"

"Mashine haileti mtu, babu. Maneno ndiyo yanaleta. Mimi nimeanza hivi, sikiliza." Akasoma kwenye kioo: "Kikundi cha Mshikamano. Tangawizi bora. Tangawizi ya kiwango cha juu."

Eliezeri akatikisa kichwa taratibu. "Mshikamano nani anaitafuta? Ni sisi wenyewe, na sisi tunajua tulipo."

Akamweleza habari za bahasha. Zamani zilikuja barua ambazo mwandishi wake hajui sanduku la posta wala kijiji. Moja iliandikwa: Kwa Baba Fortunata mwenye ng'ombe mwekundu, ukishavuka mto, Upareni. Wenzake walitaka kuirudisha. Yeye akaiweka kando mpaka siku ya soko, akawauliza kina mama wa milimani mmoja mmoja, na jioni ikawa mikononi mwa mwenyewe. Katika miaka yote hiyo zilimshinda barua saba tu.

"Mtu asiyekujua," alisema, "hajui unajiitaje. Anajua anachokihitaji, basi. Tukaulize watu."

Wakatoka mpaka kwa Muhidin, muuza chai na kahawa wa pale stendi.

"Muhidin, tangawizi ikikuishia, ungeandika nini kwenye simu?"

"Mimi siandiki, mzee. Mimi napiga kelele."

"Na ukilazimishwa?"

"Ningeandika, tangawizi ya Same kali isiyo na nyuzi. Juzi wameniuzia kamba, wateja wanachokonoa meno mpaka nikaona haya."

Careen akacheka, akaandika: tangawizi ya Same kali isiyo na nyuzi. Jumatano tatu walifanya hivyo. Wakapata tangawizi kavu kwa gunia, tangawizi ya chai ya biashara, tangawizi ya kifua cha mtoto. Jumatano ya tatu, Careen akiwa amekwisha kusema yanatosha, Eliezeri akaongeza moja.

"Andika na hili: mgonjwa asiyetaka kula apewe nini."

Vidole vya Careen vikasimama. "Babu, hilo si la tangawizi."

"Ni la tangawizi. Mimi niliuliza hivyohivyo."

Na kweli aliuliza. Wiki za mwisho Yudith alifunga mdomo, akageukia ukutani. Eliezeri alikuwa na simu ya kitochi, hana pa kuandika, basi aliuliza kwa mdomo: jirani, mchungaji, muuza dawa. Wote walimwambia pole. Hakuna aliyemwambia mtu aliyesimama na kikombe cha uji kando ya kitanda afanye nini kwanza. Careen hayo hakuyajua. Alimtazama mzee usoni, akaandika.

Maneno yakafanya kazi. Kabla mwezi wa pili haujakwisha watu walianza kupiga simu, Koleta akawa anatembea kijijini kama bibi arusi. Kazi ya Eliezeri ilikuwa imekwisha, na hakuna aliyemwambia aendelee kushuka. Lakini nyumba ya mtu mmoja kule Mamba ina asubuhi ndefu sana. Ukungu unakaa mgombani mpaka saa nne, redio inasema inayosema, na yeye alikuwa bado hajajifunza kupika ugali wa mtu mmoja; daima unabaki. Basi kila Jumatano alifunga tangawizi chache kwenye mfuko, akisema anampelekea Careen, akashuka.

Alichokuwa akikifuata ni kisanduku. Careen alikuwa ameweka ndani ya tovuti kisanduku kidogo ambamo mgeni anaandika anachotaka, na maneno yake yanabaki, na siku na saa, bila jina. Eliezeri aliyasoma kama bahasha. Mnatuma mpaka Kahama. Mbegu ya tangawizi. Kikohozi mtoto miaka miwili. Alivaa miwani, akayasoma polepole, wakati mwingine akiyajibu kwa sauti ya chini, na Careen akiendelea kuchapa barua za wateja wake.

Jumatano moja akakuta mistari minne, yote ya Jumatatu, imefuatana katika muda wa nusu saa:

mgonjwa hataki kula

mama hataki kula siku ya nne

uji tangawizi mama anatema

mama

"Huyu ni nani?" aliuliza.

Careen akasogea. "Hatuwezi kujua, babu."

"Yuko wapi?"

"Hatujui. Tunajua ni simu moja, basi."

"Na hapa alipata nini?"

Careen akaufungua ukurasa ambao mtu yule angeufikia. Palikuwa na picha ya Koleta akicheka, ameinua tangawizi kubwa kama mguu wa mtoto. Chini yake bei ya gunia. Chini ya bei, neno Agiza.

Eliezeri alivua miwani. Miaka ishirini na saba kazi yake ilikuwa kuifikisha barua mlangoni; kilichomo ndani hakikumhusu, na wala hakukiwaza. Sasa alikuwa ameandika mwenyewe maneno mlangoni, mtu mwenye mama mgonjwa akayafuata, akaingia.

"Nilimwita," alisema. "Nimemwita mtu, nikamwonyesha gunia."

"Babu, hukukusudia."

"Siku ya nne ilikuwa Jumatatu. Leo ni ya sita. Nipe karatasi."

Careen alisema tovuti ni ya kikundi, hawezi kuongeza ukurasa bila mwenyekiti. Wakampigia Koleta, alikuwa shambani, anahema.

"Shemeji, pale tunauza tangawizi. Mteja akikuta habari za wagonjwa atakimbia."

"Koleta, dada yako alikula nini wiki ile?"

Walisikia jembe likiwekwa chini.

"Hakula."

"Na wewe uliniambia nini?"

"Nilikuambia pole," Koleta alisema. Kisha akaongeza: "Wekeni. Ila picha yangu msiipeleke huko."

Aliandika kwa mkono, herufi kubwa za mtu wa Posta, na Careen akachapa:

"Mimi si daktari. Mpeleke mama hospitali, au mwite mganga wa zahanati aje, usichelewe. Wakati unasubiri, usimletee sahani, sahani inamchosha kuitazama tu. Uji uwe mwembamba. Tangawizi weka kipande kama ukucha, kichemke, kitoe. Mpe kijiko kimoja halafu ukae. Usihesabu. Akitema, mfute, umweleze habari za mambo mengine. Usimkaripie. Mimi wangu nilimkaripia siku moja. Akila nipigie, asipokula pia nipigie. Naitwa Eliezeri." Chini yake akaandika namba yake ya simu, na Careen akaiongeza pia kwenye namba za kikundi.

"Kichwa cha ukurasa tuandikeje?" Careen aliuliza.

"Maneno yake yeye. Mama hataki kula siku ya nne. Vilevile alivyoandika."

Careen akamweleza ukweli: akirudi moja kwa moja kwenye tovuti, ataukuta ukurasa palepale. Akianza kutafuta upya, huenda zikapita siku kadhaa kabla mtandao haujautambua. Eliezeri akahesabu siku kwa vidole, akaacha.

Wiki ile alitembea na simu mpaka shambani, akawa anapalilia upande wa juu, unaoshika mtandao. Iliita mara mbili. Wote walitaka tangawizi.

Jumatano akafika kabla Careen hajafungua. Careen akawasha mashine, akatafuta.

"Umefunguliwa mara moja, babu. Alhamisi, saa tano asubuhi. Simu moja. Amekaa dakika kumi na moja."

"Ni yeye?"

"Labda. Labda ni mwingine."

"Dakika kumi na moja ni nyingi kwa maneno yale machache."

"Labda alisoma mara mbili. Au aliiacha simu mezani akaenda jikoni."

"Jikoni kufanya nini?"

Careen alimmiminia chai ya Muhidin kutoka kwenye chupa, wakanywa, upepo ukitikisa bati.

Tangu hapo ukurasa ule umefunguliwa na wengine, wachache, wa miji mbalimbali. Simu zinakuja. Eliezeri anapokea kila namba ngeni, anasikiliza oda mpaka mwisho, anaiandika, na kabla ya kuaga anauliza swali lake. Bwana mmoja wa Kahama alidhani amekosea namba. "Mama yupi, mzee? Mimi nataka magunia mawili." Mama mmoja wa Morogoro akamjibu kwa upole kwamba mama yake alifariki zamani, wakazungumza kidogo habari za mvua. Koleta akagomba kwamba anawatia aibu, kisha akaacha kugomba, akaanza kumletea makande kwenye bakuli la kifuniko.

Careen aliliweka swali lile mwisho wa ukurasa, na chini yake nafasi ya kujibu. Jumatano mzee akiingia, Careen anamgeuzia kioo kabla hata hajaombwa. Nafasi iko wazi. Mzee anaitazama, anavaa miwani, anaitazama tena.

Mama alikula?