Ng'ombe Mwekundu wa Shemeji

Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025. Jua lilichoma tangu asubuhi, na upepo ulivurumisha vumbi Garsen nzima.

Qabale, mjane wa Kiorma anayeishi kwa kuuza maziwa, alikuwa na ng'ombe wanne bomani. Watatu walikuwa wake. Wa nne, mwekundu, alipewa na shemeji yake Farah baada ya kufiwa na mume, kwa desturi yao: maziwa ni ya mkamaji, ng'ombe hubaki wa mwenyewe. Anayepewa haulizi kasoro. Kuuliza ni kumtukana aliyetoa. Qabale hakuuliza. Mwekundu akatupa mimba, na wale watatu wakafuata, mmoja baada ya mwingine.

Ijumaa iliyopita daktari wa mifugo alileta majibu ya damu: wote wanne wana brusela, ugonjwa wa kutupa mimba unaoambukiza hata watu kwa maziwa. Akaacha amri ya maandishi. Asitoke ng'ombe bomani, maziwa yasiuzwe, na Jumatano wote watiwe alama sikioni, wangoje kuchinjwa. Alipouliza mwekundu alitoka wapi, Qabale hakumtaja Farah. Jamaa hasemwi kwa serikali.

Sasa Farah alisimama mlangoni pa boma, kamba mkononi.

"Shemeji, nimefuata ng'ombe wangu. Kesho mnada."

"Utamuuza na ugonjwa?"

"Mnunuzi hutazama mbavu, hatazami damu."

"Kwako aliwahi kutupa mimba?"

"Mara mbili tu. Ulitaka nikupe yule bora?"

Miaka miwili Qabale alimwombea dua mtu huyu kila alipomaliza kukama! Na kundi lake la ng'ombe sitini linalishwa nyuma ya kijiji cha Kulesa, halijapimwa, halijazuiwa.

Aliburuta tawi la miiba akaziba mlango.

"Ng'ombe ni wangu!" Farah alifoka.

"Na wangu watatu watakaochinjwa, nimdai nani? Rudi na kamba yako, Farah. Ukikosa cha kufunga, kafunge mdomo."

Hakuwahi kumwita kwa jina lake tupu.

"Ukinitaja, ukoo utakutenga."

"Utanitenga na nini? Wewe umeshanimaliza."

Asubuhi ya Jumatano, Qabale mwenyewe alimshika mwekundu pembe mpaka sikio likatobolewa. Kisha akamwambia daktari aandike jina la Farah, idadi ya kundi lake na mahali linapolishwa. Akataka asomewe. Aliposikia hakuna kilichoachwa, alijitanda shuka, akapanda nyuma ya pikipiki ya daktari kumwonyesha njia ya Kulesa.