Siku Tatu za Injekteri Moja

Kaka yangu Mirindi ana miaka hamsini na miwili, hana mke, na ukimuuliza kwa nini anakuambia kazi ni nyingi. Kazi gani hiyo isiyoisha miaka thelathini? Mimi Patricie, dada yake, ninauza chai na chapati mlangoni mwa karakana yake hapa Kamembe. Ninamwona tangu anafungua mpaka anafunga, kwa hiyo asinidanganye. Anamtamani Gasaro. Amemtamani tangu tulipokuwa vijana Bukavu, hapo ng'ambo, na hajawahi kumwambia hata neno moja.

Gasaro wa watu alingoja, mwishowe akaja mwingine na mahari, akaolewa. Tuliporudi Rwanda, sisi tulishika Kamembe, yeye na mume wake wakashika Bugarama kwenye mpunga. Mume akafariki miaka minne iliyopita. Nilimwambia Mirindi aende kutoa pole kwa mdomo wake. Alituma bahasha.

Basi mwaka huu, Jumanne moja asubuhi, pikapu kuukuu nyeupe ikaingia karakanani ikitetemeka mwili mzima, moshi mweusi nyuma. Aliyeshuka ni Gasaro mwenyewe. Mirindi alikuwa chini ya lori, na katika kutoka akajigonga kichwa.

"Fundi, hii gari inanitesa," Gasaro akasema. "Inakunywa mazutu sana, na milima inakataa kupanda."

"Tutaiangalia, Maman Mucyo."

Maman Mucyo! Sawa, Mucyo ni mtoto wake wa kwanza, na watu wazima ndivyo tunavyoitana. Lakini huyu huyu, kule Bukavu, alikuwa akimwita Gasaro, tena kwa sauti ya chini. Niliona mama wa watu anaangalia pembeni.

Mirindi akawasha injini, akachukua ufunguo wake, akaanza kulegeza nati za mirija inayopeleka mazutu, dizeli hiyo, kwenye injekteri zinazoinyunyizia injini, moja moja. Ndivyo anavyozipima. Ukilegeza ya injekteri nzima, mazutu haifiki, injini inakohoa na kutaka kuzima. Akalegeza ya kwanza, ikakohoa. Ya pili, ikakohoa. Ya tatu, injini ikaendelea vilevile, haijali. Maana yake hiyo ya tatu ilikuwa imekufa zamani. Dakika kumi hazikuisha, hata mimi wa chapati nilijua ugonjwa uko wapi.

Sasa sikia alichosema mwanaume huyu. "Maman, hii inataka uchunguzi. Uniachie siku tatu."

Siku tatu. Kazi ya nusu siku. Nikageuza chapati.

Gasaro angeweza kurudi kwake kungoja simu. Hakurudi. Alilala kwa shangazi yake hapa mjini, na kila asubuhi alikuja akakaa kwenye benchi langu na kikombe chake. Mirindi alitoa injekteri zote nne, akazisafisha kama anaosha mtoto mchanga. Akazifunga kwenye pampu ya mkono kuona zinavyotema. Tatu zilitoa ukungu mwembamba, nzuri kabisa. Ile ya tatu ilichuruzika matone. Akabadilisha ncha yake. Katikati ya kazi walizungumza, eti mvua iko namna gani Bugarama, mpunga umekubali, barabara imeharibika wapi. Siku mbili nzima ni mvua na barabara. Moyo ulikuwa unaniuma kuwasikiliza.

Siku ya tatu akaanza kurudisha injekteri. Chini ya kila moja hukaa rondeli, kipete cha shaba kinachoziba moto wa injini usipande. Ukifungua, kile cha zamani unatupa, maana kimeshakandamizwa. Ukikirudisha kitaziba wiki mbili, kisha kitaanza kuvujisha, na gari litarudi kwa fundi. Nikamwona Mirindi amesimama, mkono mmoja ana rondeli ya zamani, mkono mwingine mpya, macho yako kwenye benchi. Nilielewa. Weka ya zamani, mjinga wewe, nikasema moyoni, na Mungu anisamehe.

Akaweka mpya. Zote nne.

Pikapu ikawaka, ikatulia, hakuna moshi. Gasaro akamshukuru. Kabla ya kupanda alikuja kunirudishia kikombe, akasema polepole, "Patricie, dereva wangu aliniambia kule kule kwamba ni injekteri ya tatu. Na mafundi bako kule. Nilikataa kuitengenezea kule. Nimekaa hapa siku tatu nikingoja muntu aseme kitu."

Akapanda, akaondoka.

Nilimwambia Mirindi palepale, sikumbakizia hata neno. Akaketi juu ya tairi.

"Mbona yeye hakusema?"

"Aseme yeye? Alikungoja Bukavu, amekungoja hapa. Unataka akungoje wapi tena?"

Wiki mbili hakula vizuri. Jumapili, baada ya misa, akaja kwangu amevaa shati la pasi. Akaniomba nikae karibu, anapiga simu. Akabonyeza vibaya, akaigusa ile alama ya sauti kubwa bila kutaka, nikasikia yote.

"Fundi," Gasaro akasema. Aliitika haraka, simu ilikuwa mkononi mwake.

"Maman Mucyo." Nilimkanyaga mguu. Alifungua mdomo, niliona kabisa neno limefika, kisha akasema, "Gari inaendelea?"

Huko nyuma yake kuku walikuwa wakilia.

"Inaendelea."

"Basi… ikileta shida yoyote, uilete. Saa yoyote."

"Haitaleta, Fundi," Gasaro akasema, na sauti yake ilikuwa imechoka. "Uliitengeneza vizuri sana."

Akakata. Mirindi alibaki ameshika simu sikioni, na mimi nilimwacha hivyo hivyo, nikaenda kuweka chai.