Nguzo Zisizochomwa Miguu

Mimi niko fundi wa nyumba za miti na udongo, huku Nyabiondo, tangu nikiwa na meno yote. Shule nilifika mwaka wa pili wa primeri tu, kwa hiyo mwenye kusoma asinicheke. Nyumba nimejenga nyingi. Zingine zilichomwa kwa vita, zingine watu walizikimbia zikajaa nyasi. Hizo tuziache, naandika ya moja.

Ilikuwa ya mwalimu mmoja. Alitaka iishe mbele ya ndoa ya binti yake, na mvua ilikuwa inanyesha kila siku. Sasa, nguzo ya kalitusi, mbele ya kuisimika, unachoma mguu wake kwa moto mpaka uwe mweusi, ili maji na mchwa visiingie. Hata bibi yangu, mwenye hajawahi kujenga hata banda la kuku, anajua hivyo. Lakini kuni zote zilikuwa zimelowa. Nikasimika nguzo mbichi hivyo hivyo, nikakandika udongo haraka, nyumba ikapendeza. Mwalimu akaleta kasiksi, pombe yetu ya ndizi, tukakunywa kwa kibuyu kimoja na mirija miwili. Kwetu, njo hivyo fundi anakabidhi nyumba. Ikiharibika, yule ulikunywa naye atakuita, na utarudi kutengeneza bila kusema mengi.

Kisha mwalimu akahamia Mweso, nyumba akamuuzia mama mmoja mjane mwenye alikimbia vita pamoja na mama yake mzee. Mvua za pili, ukuta wa upande wa kilima ukamuangukia yule mzee akiwa amelala mchana. Ukamuvunja nyonga.

Mjane akanipeleka kwa chefu wa kijiji. Alikuja na kipande cha nguzo, amekifunga ndani ya kitenge kama mutoto muchanga, akakiweka mbele ya watu. Kilikuwa kinamomonyoka kama mukate.

"Papa fundi," akasema, "sitaki wakufunge. Unijengee ule ukuta tu, mvua zikiwa hazijarudi. Mama iko analala chini ya bashi ya plastiki."

Chefu akaniuliza, "Ile nyumba, ulikunywa na nani?"

"Na mwalimu."

"Na huyu mama?"

"Hapana."

"Basi mama, enda kwa mwenye alikuuzia."

"Nilienda. Anasema yeye hakujenga, nikuje kwa fundi."

Mzee mmoja akacheka. "Ungelikuja na kibuyu chako kwanza, mama."

Mjane hakucheka. "Kumbe ukuta wenu unachagua mutu wa kuangukia? Mbona haukungoja mwalimu arudi?"

Chefu akakata: fundi hana deni kwa mutu mwenye hakukunywa naye. Hakuna mwenye aliniuliza kama nilichoma zile nguzo, na mimi sikusema. Kusema kweli, nilifurahi. Nilirudi nyumbani nikala maharagi na sombe, nikaongeza sahani.

Mvua ziliporudi, yule mama mzee akafa chini ya bashi, kifua kimejaa baridi. Nilienda matanga. Siku ya tatu nikamwambia mjane yote, moto na kuni na nguzo mbichi, na kwamba nitamujengea upya kwa mikono yangu.

Akaniangalia sana. "Papa, hayo maneno yalikuwa ya kwa chefu. Hapa yatamulaza nani?"

Nikaenda kwa chefu siku ile ile. Nilimukuta anapepeta maharagi na muke wake.

"Ile kesi tulishaikata," akaniambia. "Unataka kila fundi aitwe na mutu mwenye hakumujua?"

"Andika tu kama nguzo zilikuwa mbichi."

Hakuandika. Mjane akakunja bashi, akaenda kwa ndugu yake huko Mpofi, kiwanja akakiacha kwa kijana mmoja mwenye alitaka kuoa. Yule kijana hakukawia kunitafuta nimujengee pale pale. Alisema fundi mwenye alishinda kwa chefu lazima iko fundi muzuri.